Sura ya Sita: Mgeni na Ukuta

Mwaka 1959 nchi hii ya migongo na mito iliyo kaskazini mwa Nairobi ilitoa kazi mbili za sanaa. Ya kwanza ilichapishwa London. Ni The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake Waingereza walimleta Thika akiwa mtoto mdogo, muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wakitafuta utajiri wa kahawa. Ya pili haikufika kwa mpiga chapa. Ilichorwa ukutani, ndani ya kanisa la Kianglikana katika mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, ambao leo ni Murang'a. Aliyeichora alikuwa kijana Mchaga kutoka Marangu, chini ya Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Jina lake Elimo Njau.

Kitabu cha Huxley kilizunguka dunia. Mwaka 1981 kikageuzwa tamthilia ya televisheni huko Uingereza, na mpaka leo wako watu ng'ambo wasiojua lolote juu ya Thika isipokuwa miti yake ya maua mekundu. Michoro ya Njau ilibaki pale pale. Ni mitano: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, usiku wa Gethsemane na kusulubiwa. Yesu huyo ni Mwafrika. Ardhi anayoikanyaga ni ya Murang'a, na waliomzunguka ni watu ambao muumini wa pale angeweza kukutana nao njiani akitoka ibadani.

Nimeanza na wawili hawa kwa kuwa wote walikuwa wageni hapa, na sura hii inahusu wageni na kuta. Mji uliojengwa na watu waliotoka kwingine huwakumbuka vipi hadharani, kwa rangi, kwa jiwe au kwa chuma? Nani huchorwa, na nani hupewa brashi?

Fikiria hali ya Murang'a wakati ule. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Watu walikuwa wameswagwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Maelfu walikuwa vizuizini, na Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau. Jirani alikuwa amemwaga damu ya jirani. Kulikuwa na nyumba ambazo mtoto mmoja aliingia msituni na mwingine akashika bunduki ya homugadi, na mama yao akalala bila kujua amwombee yupi kwanza. Katika mahali kama hapo, ukuta mtupu ni kitu cha hatari, maana kila uso utakaochorwa juu yake utaulizwa ni wa upande gani.

Ninaamini ndipo ugeni wa Njau ulipokuwa neema. Hakuwa na ndugu msituni, wala hakuwa na ndugu kambini. Mchoraji mzaliwa wa pale angehojiwa kabla rangi haijakauka: huyu ni mwana wa nani, na mkuki ule umetoka ukoo gani? Njau alikuwa amelelewa kwenye mteremko wa mlima mwingine, wenye migomba yake na mifereji yake, na akaitazama Murang'a kwa makini ya mtu anayejifunza. Kisha akawarudishia wenyeji nchi yao wenyewe, yenye majeraha yale yale, Kristo akiwa ndani yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mimi hakuna mahali katika historia ya sanaa ya Kenya ambapo maneno hayo yametimia waziwazi kuliko ukutani hapo. Kutoka Thika hadi Murang'a hata kilomita 50 hazifiki. Aliye na siku moja ya nafasi na aende akajionee.

Huxley nimsemeje? Alikuwa na jicho kali na aliipenda nchi, sitamnyima hilo. Ila kitabu chake kinamtazama Mkikuyu kutoka barazani mwa mlowezi, na ndicho kilichobaki kuwa sura ya Thika machoni pa dunia. Mgeni mmoja alikuja na hati ya shamba, mwingine akaja na rangi. Umaarufu ulimwendea wa kwanza.

Thika penyewe ni mpakani. Migongo ya Wakikuyu inaishia hapo, nchi ya Wakamba inaanzia upande wa mashariki, na mbuga zilizo kusini zilijua kwato za ng'ombe wa Wamasai. Mji ulikuja na wageni. Hoteli ya Blue Posts ilijengwa mwaka 1908 kando ya maporomoko ya maji. Reli ikafika kutoka Nairobi mwaka 1913. Mashamba ya mkonge na kahawa yakaita vibarua. Viwanda vikafuata, vya ngozi, vya nguo, vya makopo, vya mafuta ya kupikia, vya mananasi, navyo vikaita wengine zaidi. Mtu aliyetoka Kitui, Kakamega au Siaya kuja kusimama mbele ya mashine ya kufuma alivuka mipaka ya lugha, ya chakula na ya mazishi, ingawa hakuvuka mpaka wa nchi. Mimi namhesabu kuwa mhamiaji kama yule aliyekuja kwa jahazi.

Sasa angalia jinsi kumbukumbu zilivyogawanywa mjini hapo. Mkikuyu ana mugumo. Katika bustani ya Mugumo Gardens husimuliwa habari za mti uliotabiriwa na Mugo wa Kibiru, kwamba ukianguka utawala wa Mwingereza nao utaanguka, na jinsi wakoloni walivyoufunga mkanda wa chuma ili usidondoke. Mlowezi ana kitabu, ana hoteli, na ana hata kaburi la kutembelewa: William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyemiliki ardhi kubwa ya Juja, amezikwa mlimani Ol Donyo Sabuk, mlima unaoonekana vizuri ukisimama Thika. Wengine wote, wale waliobeba mji mabegani, kumbukumbu zao zimetawanyika.

Chukua Wahindi. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 wakabaki Afrika Mashariki baada ya mikataba yao kwisha. Waoshwal wa Thika, Nyeri na Murang'a, jamii ya wafanyabiashara Wahindi, hawakuwa vibarua wa reli. Walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat, wakifuata njia ambayo reli ilikuwa imeifungua, wakauza shuka, chumvi na sukari mpaka pembe ambazo serikali yenyewe ilikuwa haijafika. Kiwanda cha Bidco, kinachojulikana na kila mpishi wa Kenya, kilianzia Nyeri katika familia ya namna hiyo kabla ya kuhamia Thika.

Watu hawa walijichora wapi? Inua macho kwenye maduka ya zamani ya miji yetu, pale ukuta wa mbele unapopanda juu ya mabati. Mara nyingi utakuta mwaka umefinyangwa kwenye saruji, na pengine jina la ukoo, na pambo dogo la maua pembeni. Hiyo ndiyo sanaa ya hadharani ambayo mwenye duka alithubutu kuiweka barabarani. Mungu wake alimpamba kwa marumaru ndani ya hekalu, nyuma ya geti. Barabarani aliandika tarehe tu. Mimi husoma tahadhari katika saruji ile: mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba atarudi kwao hajichori uso ukutani.

Mwaka 2000 Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yalifungua maonyesho juu ya urithi wa Waasia Waafrika, yaliyosimamiwa na Sultan Somjee. Yalikuwa maonyesho makubwa na yalistahili heshima. Yalikuwa ndani ya jengo, hata hivyo, na aliyetaka kuyaona ilimbidi ajue yapo na ayafuate. Julai 2017 serikali ikatangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Tangazo hilo lilitoka kwenye gazeti rasmi. Halikufika ukutani.

Ruiru ni hadithi nyingine, na kasi yake inashangaza. Sensa ya 2009 iliwakuta watu 238,858. Sensa ya 2019 ikawakuta 490,120. Hakuna uzazi unaoweza kuuongeza mji hivyo kwa miaka 10, watu walihamia. Katikati ya sensa hizo mbili barabara kuu ya Thika ilipanuliwa, kazi iliyofanywa na kampuni za Kichina kwa sehemu kubwa ya fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Mashamba ya kahawa yakakatwa viwanja. Magorofa ya kupangisha yakaota Githurai, Kimbo, Kwihota na Kahawa Sukari. Kwenye ngazi moja ya gorofa utawasikia Wakikuyu, Wakisii, Waluhya na Wakamba, na pengine familia ya Kikongo iliyokimbia vita vya Kivu, ikilea watoto wanaozungumza Kiswahili cha Bukavu nyumbani na Sheng uwanjani. Ukisogea Juja, katika chuo kikuu cha JKUAT kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, kuna tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Nzima lenye wanafunzi kutoka kila pembe ya bara hili.

Na rangi zipo. Rangi zimejaa tele! Barabara ya Thika ni miongoni mwa njia zenye sanaa nyingi zaidi Afrika Mashariki, ila sanaa hiyo ina magurudumu. Nganya, yaani matatu zilizopambwa, za njia hii huchorwa kwa ustadi ambao chuo chochote cha sanaa kingejivunia: nyuso zilizotiwa kivuli kwa bomba la rangi, herufi zinazoruka, taa zilizopangwa kufuata mchoro. Mafundi wanaozichora wengi hawakuingia darasani. Walijifunza gereji, kwa kushika ngazi ya fundi mkubwa. Kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliifuta michoro na kuacha mstari wa njano, lakini michoro ilirudi, maana abiria kijana huliacha gari lisilo na uso akasubiri lenye uso.

Ninaziheshimu nganya kwa moyo wote. Lakini nikizitazama nyuso zenyewe, huwa naona pengo. Yuko Bob Marley. Wako warapu wa Marekani, wako wachezaji wa klabu za Uingereza. Watu ambao hawajawahi kupanga chumba Githurai wamechorwa kwa upendo na kwa gharama kubwa, na jirani aliyetoka Goma akashona nguo za nusu ya mtaa ni nadra umkute kwenye bati lolote. Tumejifunza kuusherehekea ugeni wa mbali. Ugeni wa ghorofa ya tatu bado unatutatiza.

Jambo hili lina uchungu wake, na uchungu huo unaonekana vizuri zaidi kwa Wamakonde. Babu zao walitoka Msumbiji, wengi wao kuanzia miaka ya 1930, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale. Kinyago cha Kimakonde kimepamba hoteli za pwani, viwanja vya ndege na ofisi za wakubwa kwa muda mrefu. Kimepewa watalii kama zawadi ya Kenya. Wakati wote huo Wamakonde wenyewe hawakuwa na kitambulisho. Hawakuweza kupiga kura, kufungua akaunti benki wala kumiliki ardhi kwa majina yao. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu, Nairobi, na baada ya hapo ndipo walipotambuliwa kuwa kabila la 43 na kuanza kupewa vitambulisho. Taifa lilikuwa limekipokea kinyago sebuleni likamwacha mchongaji nje ya mlango. Ninaposikia neno kusherehekea tamaduni mbalimbali likitamkwa jukwaani, hukumbuka miaka ile yote.

Hapa katika kaunti ya Kiambu, yenye Thika na Ruiru, tunao Washona. Walikuja kutoka Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, wakiwa wamisionari wa kanisa la Johane Masowe, wakafanya makao Kiambaa, Kinoo na Githurai. Wanajulikana kwa useremala na kwa ususi wa vikapu. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa humu bila uraia wa nchi yoyote, mpaka siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuwa Washona wapatao 1,670 watapewa uraia, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Zaidi ya nusu karne ya kutengeneza meza na vitanda vya watu wa Kiambu! Je, ni ukuta gani katika kaunti hii unaomwonyesha mwanamke wa Kishona akisuka?

Swali hilo si la rangi tu. Tunajua kinachotokea pale uchaguzi unapokaribia na jirani akaanza kuitwa doa. Neno madoadoa lilitumika kuelekea uchaguzi wa 2007, na baada ya Desemba ile Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sidai kwamba rangi ingezuia panga. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho nakisimamia: mtoto aliyekua akimwona Mkamba, Mhindi, Mkongo na Mshona ukutani mwa steji yake kila asubuhi, wamechorwa wakubwa na kwa heshima, atahitaji kusahaulishwa mengi kabla ya kuamini kwamba watu hao walifika jana.

Njia ya kufanya hivyo haihitaji kuagizwa kutoka mbali, kwa sababu Njau mwenyewe alituonyesha zaidi ya mara moja. Baada ya Murang'a alifanya kazi Nairobi katika kituo cha Chemchemi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mwaka 1965 akashirikiana na wenzake kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Ukiwatazama waliokuwapo, utaiona Afrika Mashariki nzima imeketi: Jonathan Kariara, mshairi Mkikuyu, Pheroze Nowrojee, mwanasheria Mparsi, Terry Hirst, mchoraji Mwingereza. Baadaye Phillda, mkewe Njau, Mmarekani Mweusi, akawa mhimili wa kituo hicho huko Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi mno, na wenyewe wakaendelea. Mafundisho ya Njau kwa vijana yalikuwa makali: usiige. Hakutaka Mkamba achore kama Mzungu, wala Mchaga achore kama Mkikuyu ili apendwe.

Na mlango kati ya Kenya na Uganda ulikuwa wazi pande zote mbili. Mnara wa Uhuru wa Uganda, uliosimama Kampala tangu 1962, ni kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias. Uganda huru ilikubali ishara yake kubwa itoke mikononi mwa Mkenya. Kisha, Idi Amin alipotawala, wasanii wa Uganda wakaja kupata riziki Nairobi. Deni limelipwa na kulipwa tena, na hakuna aliyepungukiwa.

Lipo jambo moja tu la kuazima ng'ambo. Los Angeles, Marekani, kuna ukuta wa mfereji wa maji wenye urefu wa zaidi ya mita 800. Judith Baca, binti wa jamii ya Wameksiko, alianza kuuchora katika miaka ya 1970 pamoja na mamia ya vijana wa mitaani waliolipwa kwa kazi hiyo. Mle wamo Wachina waliojenga reli, Wajapani waliofungwa kambini wakati wa vita, Wameksiko waliofukuzwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Vijana waliochora walikuwa wajukuu wa waliochorwa, na hilo ndilo ninalolitaka tulichukue kutoka kule.

Zege tunalo. Chini ya daraja la Githurai kuna kuta ambazo maelfu kwa maelfu huzipita kila siku wakinunua nyanya na kugombania magari. Thika ina stesheni ya reli, ina kuta za viwanda zinazokimbia mita mia kadhaa bila dirisha. Mafundi tunao, anayeweza kuchora uso kwenye bati la basi lililopinda ataweza kuuchora kwenye ukuta ulionyooka. Sheria pia ipo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kiambu haihitaji ruhusa ya Nairobi.

Ninaloogopa ni namna mbaya ya kufanya jambo jema. Kampuni ya matangazo italetwa, itachora Mmasai akiruka, mwanamke amebeba kibuyu, mikono ya rangi tano imeshikana, na nembo ya mfadhili chini. Kazi ya hivyo haimtaji mtu yeyote. Heri ukuta ubaki mtupu. Mshona apewe sehemu yake aichore anavyojua, kwa mistari ya kikapu kama akipenda. Mkongo achore safari yake. Wajukuu wa wenye maduka waulizwe babu alifika na nini, na bibi aliyechuma mananasi miaka 30 aulizwe vidole vyake vilikuwaje jioni. Fundi wa nganya awashikie ngazi wale wasiowahi kuchora ukuta. Na majina yaandikwe, ya waliochora na ya waliochorwa.

Kila mwaka, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa, wananchi huitwa vikaoni kutoa maoni, na viti vingi hubaki vitupu. Wewe unayeishi Kiuu, Biashara, Gitothua, Kamenu au Township, nenda kwenye kikao kijacho. Mwambie mwakilishi wadi wako kwamba unaomba ukuta mmoja, rangi, na malipo ya haki kwa wachoraji wanaoishi humo humo. Mpeleke na jirani yako aliyetoka mbali, umwache aseme yeye kwanza.